Niliona Tu

Kuna utetezi mmoja tunaupenda sana: "Mimi niliona tu, sikupiga." Hebu tuupime kwa kisa cha pwani yetu wenyewe.

Julai 1915 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuishambulia, ila wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona. Jicho lao lilikuwa angani: ndege kutoka kisiwa cha Mafia, na ndani yake mtazamaji mwenye mtambo wa redio. Kombora limeanguka wapi? Limepita? Halijafika? Yeye anabonyeza alama za Morse, walio chini wanarekebisha mizinga. Tarehe 6 walifyatua makombora zaidi ya 600, machache tu yakaipata. Tarehe 11 ndege ilipigwa. Rubani Cull akihangaika kuishusha mtoni, mtazamaji wake Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka wanaanguka. Wote wawili waliokolewa. Königsberg ikaangamia.

Sasa, Arnold aliona tu? Kidole chake hakikugusa mzinga. Lakini bila kidole hicho mzinga ulikuwa kipofu. Anayemwonyesha mwenye panga pa kukata, naye amekata.

Kuna atakayesema: afadhali jicho kali kuliko makombora ya ovyo. Kweli, usahihi ni wema. Ila alama zile zilikuwa lugha ya umbali na upande, basi. Wajerumani waliing'oa mizinga 10 ya meli ile wakaenda kuitumia nchi kavu. Vita vikateremka kusini: Kilwa, Kiswere, Lindi. Wapagazi Waafrika wakafa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, migongo ikiwa na mizigo ya watu wengine. Hao hawakuwa na alama yao.

Leo jicho la angani ni ndege nyuki yenye kamera na kihisi cha joto, na mwendeshaji wake amekaa chini anatazama kioo. Tuseme imerushwa juu ya ghuba ya Kiswere kusaka wavuvi wa baruti. Kazi ya maana, maana baruti inaua matumbawe na kesho ya watoto wa pwani. Itaonyesha mtumbwi, vichwa viwili vitatu, maji yaliyoruka. Haitaonyesha deni la kijana aliyeshika baruti, wala tajiri aliyemletea, ambaye muda huo yuko zake barazani anakunywa kahawa. Akikamatwa kijana peke yake, tutasema mtambo umefanya kazi vizuri?

Mtambo huona ulichoambiwa utafute. Ndiyo maana mwendeshaji ana madeni mawili. La kwanza, aseme kweli alichokiona, akijua kwamba kinachofuata ni chake pia. La pili ndilo gumu, na Arnold hakuwa na alama ya kulilipa: aseme macho yake yaliishia wapi.