Jina la Baba Mbele ya Watu

Siku hizi husikika mijini, na vijijini pia, mtu mzima akimtaja baba yake kwa neno "mshua" au "dingi", na mama yake kwa neno "maza" au "bi mkubwa". Wako wasomaji wanaokasirishwa na jambo hilo, wako na wanaolicheka. Sisi twaona yafaa tulipime kwa utulivu.

Kwanza tuseme haki. Neno peke yake si dhambi. "Mzee" ni neno la heshima toka zamani, na wana wengi humwita baba yao hivyo kwa mapenzi makubwa. Tena lipo kosa la upande wa pili: kuita "Baba" kwa sauti tamu, huku baba mwenyewe akikosa hata chumvi. Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea waliofanya sadaka kuwa kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao (Marko 7:9-13). Basi kosa liko wapi?

Siku moja tulikuwa katika ofisi ya kijana mwenye cheo. Akafika mlangoni mtu wa makamo, viatu vimejaa vumbi la safari, mkononi amechukua kuku. Wageni wawili waliokuwapo wakauliza huyo ni nani. Kijana akajibu: "Ni mzee mmoja wa kwetu nyumbani." Mzee alisikia. Hakusema neno, alirudi nyuma, akaketi katika benchi la nje. Sura zao zilikuwa moja, hata wageni wakatambua, wakainamisha macho.

Neno lilikuwa lile lile la heshima, lakini safari hii lilifanywa pazia la kumfichia baba. Kijana alitaka aonekane mkubwa; alionekana mdogo.

Yosefu alikuwa mkubwa katika Misri, wa pili baada ya Farao. Wamisri waliwachukia wachungaji, naye alilijua hilo. Hata hivyo alimwingiza baba yake Yakobo, mchungaji mzee, mbele ya Farao, na Yakobo akambariki Farao (Mwanzo 47:7). Cheo cha mwana hakikupungua hata kidogo, na mfalme akapata baraka.

Pengine mtu atasema: "Mimi si mtoto tena, najitegemea." Ni kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba utii kwa wazazi hukoma mtoto anapojitegemea, lakini heshima haikomi kamwe (na. 2217). Mtu mzima aweza kukataa shauri la baba yake; hawezi kumkataa baba.

Basi kipimo ni hiki. Jina unalomwita baba yako asipokuwapo, je, waweza kulitamka naye akisikia? Na jina unalomwita nyumbani, je, waweza kulitamka wakubwa wako wakisikia? Awezaye kujibu ndiyo mara mbili, na amwite apendavyo. Asiyeweza, ajue kwamba watoto wake wanasikiliza, nao wanajifunza jinsi ya kumtaja yeye kesho.

Sisi mapadre twaitwa Baba na watu tusiowazaa, na pengine mama zetu wenyewe hutuita Padre tangu siku ya daraja. Twalipokea jina hilo kwa ajili ya Sakramenti. Lakini tukifika nyumbani, vinywani mwetu yeye ni Mama, kama alivyokuwa tulipochunga mbuzi. Bwana wetu, naye mtu mzima, katika uchungu wa Getsemani aliita "Abba", neno la nyumbani kwao (Marko 14:36). Nani miongoni mwetu ni mkubwa kuliko Yeye hata alionee haya?

Ndugu msomaji, ikiwa uko mzazi wako aliyeketi katika benchi la nje, inuka leo ukamwingize ndani. Neno linalotakiwa mbele ya wageni ni fupi: "Huyu ni baba yangu."