Kumrudi Mtoto Mkaidi

Wapo wazazi wanaouliza: "Mtoto huyu amekuwa sugu. Tumemchapa hata tumechoka, naye haonyeki. Tufanyeje?" Jawabu limo ndani ya swali lenyewe. Dawa iliyonywewa mwaka mzima pasipo nafuu haifai kuongezwa kipimo.

Katika Kurani Tukufu (31:14-20) Mwenyezi Mungu ametusimulia jinsi Lukmani alivyomwonya mwanawe. Mara tatu amwita mwanawe kwa upole, na makatazo yake huyafuatisha kwa sababu. Hakuna kiboko katika habari hiyo yote.

Umar bin Abi Salama r.a. alilelewa nyumbani mwa Mtume s.a.w. Alipokuwa mtoto, mkono wake ulizunguka sahani nzima wakati wa kula. Mtume s.a.w. akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar mwenyewe alisimulia kwamba tangu hapo ndivyo alivyokula. Kosa halikuachwa, wala mtoto hakufedheheshwa.

Labda mtu atasema: "Je, haikuamriwa mtoto wa miaka kumi apigwe akiacha Sala?" Ndiyo, lakini hadithi hiyo huanza na kumwamrisha akiwa na miaka saba. Basi hutangulia miaka mitatu ya mafunzo, yaani Sala zaidi ya 5,000. Ashikaye fimbo na kuiacha miaka hiyo ameshika mkia na kuacha kichwa. Naye Bibi Aisha r.a. ameshuhudia kwamba Mtume s.a.w. hakumpiga kamwe mwanamke wala mtumishi.

Seyidna Ahmad a.s. alifundisha kwamba kuwapiga watoto kwa hasira ni namna ya shirki, kwani mpigaji ni kama ajifanyaye mshirika wa Mungu katika uongozi na ulezi. Mwenye subira na aliyeitawala nafsi yake aweza kumrudi mtoto kwa kiasi. Lakini mwenye hamaki hastahili kazi hiyo. Akahimiza kwamba bidii itumiwayo katika kuadhibu itumiwe katika kuwaombea dua.

Hatari ya hamaki si ya kubuni. Mwezi Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo haikubali marudi yanayopita umri na hali ya mtoto, wala yale ambayo mtoto hawezi kufahamu makusudi yake.

Wahenga wamesema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, ila kulia si lazima kuwe kwa fimbo. Tuchukue mfano wa Kilimatinde, mkoani Singida. Mtoto mchungaji amecheza, ng'ombe wakaingia katika uwele wa jirani. Akichapwa, maumivu yatapita na hasara ya jirani itabaki. Bali baba na amngoje mpaka hasira yake itulie, aende naye kwa jirani, mtoto aombe radhi kwa kinywa chake, azibe ua wa miiba, na awinge ndege shambani siku kadhaa. Hapo ataona uzito wa kosa lake. Akimaliza, asikumbushwe tena mbele ya watu. Na siku alindapo vema, asifiwe.

Kisha usiku mzazi ainuke, amtaje mtoto huyo kwa jina mbele ya Mola wake, kwani mioyo imo mikononi Mwake. Mwenyezi Mungu awajalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.