Ndugu Sauli, Ndugu C.P.

Somo: Matendo ya Mitume 9:10-19

Jumapili nilipowaomba mfungue Matendo 9, wengi mlidhani nitahubiri juu ya Sauli. Hapana. Sauli alipigwa na nuru, akaanguka, akasikia sauti kutoka mbinguni; kwa hayo yote hata wewe ungebadilika! Nilitaka tumtazame Anania. Yeye aliambiwa tu aende akamwekee mikono mtu aliyekuja Dameski na barua za kuwafunga watu kama yeye. Na kwanza alibisha. Alimkumbusha Bwana mabaya yote ya mtu huyo, kana kwamba Bwana hana habari. Kisha akaenda, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa "ndugu".

Vijana wetu ndio walionipa mfano wa jambo hili. Ijumaa ile walionyesha ukumbini filamu ya Marekani inayoitwa The Best of Enemies, iliyotoka 2019. Ni kisa cha kweli, kilitokea Durham, North Carolina, mwaka 1971. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni ni kinyume cha katiba, lakini miaka 17 baadaye Durham ilikuwa bado inaburuta miguu. Ikaitishwa mikutano ya siku 10, wenyeji wa pande zote wakae chini waongee juu ya shule. Wenyeviti wakawa wawili: Ann Atwater, mama mweusi aliyelea mabinti wawili peke yake na kupigania nyumba za maskini, na C.P. Ellis, mkuu wa Ku Klux Klan hapo mjini. Hebu fikiria kamati hiyo!

Hawa watu walichukiana kabisa. Ann mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba, siku moja kabla ya mikutano hiyo, maneno ya Ellis mbele ya baraza la mji yalimchemsha mpaka akatoa kisu. Mchungaji wake ndiye aliyemshika mkono. (Wachungaji wenzangu, mmesikia kazi yetu.)

Sasa mimi nilisomea biashara, na mtu akiniletea chuki huwa namuuliza: nani anapata faida hapa? Ellis alikuwa maskini. Alikopa dola 4,000 akanunua kituo cha petroli, akafanya kazi siku saba kwa wiki mpaka akashikwa na ugonjwa wa moyo. Nyumbani alikuwa na mtoto kipofu, mwenye ulemavu. Alitafuta mtu wa kulaumu, na Klan ikampa, pamoja na cheo juu yake. Usiku wakubwa wa mji walimpigia simu alete watu wake wapige kelele mikutanoni. Mchana mmoja akamwona diwani aliyekuwa akiongea naye kwa simu hizo. Diwani alipomwona, akavuka barabara asimsalimie! Si mnaijua hiyo? Hata kwetu mwaka 2008, wakubwa walishikana mikono mbele ya kamera huku watu wadogo waliochomeana nyumba wakilala kwenye hema.

Ellis hakubadilishwa na hotuba. Siku moja yeye na Ann walikaa wakaanza kuongea, kumbe watoto wao walikuwa wakisumbuliwa shuleni kwa kosa moja tu, kwamba mzazi anafanya kazi na adui. Wakalia pamoja. Halafu kulikuwa na nyimbo za injili kwenye ile mikutano. Ellis alipiga makofi, lakini mdundo ulimpita, na Ann akaishika mikono yake akamfundisha. Sisi Wapentekoste tunaelewa jambo hilo bila mkalimani.

Mwisho wa zile siku Ellis alisimama mbele ya watu akairarua kadi yake ya Klan. Yesu alisema mjenzi ahesabu gharama kwanza, Luka 14, na gharama ya Ellis ilikuwa kubwa: marafiki walimkimbia, vitisho vikaanza, na hakurudi tena kwenye watu wake. Baadaye akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na wengi waliompigia kura walikuwa weusi. Filamu yenyewe ina upungufu, kwa maoni yangu. Inamfuata Ellis sana, na Ann, aliyebeba mzigo mzito zaidi, anabaki kama msindikizaji.

Taa zilipowashwa, mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake akanisimamisha mlangoni. Familia yake ilipoteza kila kitu baada ya uchaguzi wa 2007. Akaniuliza: "Pasta, nikishamfundisha huyo kupiga makofi, nani atanirudishia shamba?"

Wapendwa, swali hilo tusilipigie kelele za "haleluya" ili lipite. Ann hakuacha madai yake hata siku moja. Alimshika Ellis mikono, na bado alitaka shule ifunguliwe kwa watoto wote. Zakayo naye hakusema tu samahani mezani. Aliahidi kurudisha mara nne. Kwa hiyo nilimwambia mama yule: kusamehe hakukukatazi kudai shamba lako, na mtu akikwambia Biblia inakukataza, mlete kwangu. Lakini yule jirani anayekaa safu ya tatu kutoka kwako, wa kabila lile, hakuchukua shamba lako. Kwake unaweza kuanza. Bado hajanijibu, na sikumharakisha.

Ellis alikufa 2005. Ann alikwenda mazishini, na inasimuliwa kwamba alipoulizwa yeye ni nani kwa marehemu, alijibu kwamba C.P. ni ndugu yake.

Kuanzia mwezi ujao, vikundi vya ushirika wa nyumbani vitapangwa upya kwa mtaa unaoishi. Najua vingine vimekuwa vya lugha moja tu, ati kwa sababu ya chai na mazoea. Orodha ziko kwa wahudumu mlangoni. Jumatano ya kwanza, kila mmoja atakula nyumbani kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kwake. Wenye nyumba ndogo msijali, vikombe tutaazimana.