Ngao bila upanga: je, ni vema watoto wacheze vita siku ya kuzaliwa?

Mwaka uliopita kijana wetu wa mwisho alitimiza miaka sita. Wiki mbili mbele ya ile siku alikuja kusimama kando ya meza yenye nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, akaniambia: «Papa, kwa anivesere yangu minataka tukuwe bashevalie.» Alikuwa ameona filamu ya watoto kwa jirani: wanaume wenye kofia za chuma, farasi, nyumba ya mawe yenye minara. Nilicheka, nikasema ndiyo, sawa vile sisi wazazi tunasema ndiyo ili tuachwe tumalize kazi.

Ile ndiyo moja ilileta mabishano ya siku nyingi ndani ya lupango letu. Ndipo nikaona kwamba jambo hili la watoto linatuuliza sisi wakubwa, na zaidi sisi wa nchi hii: je, ni vema kumvika mtoto mavazi ya mpiganaji na kumwambia acheke? Nitaeleza yale tuliyosema, kisha yale tuliyotenda, maana fikara bila matendo ni sawa chungu bila moto.

Wa kwanza kupinga alikuwa mama yangu, nkambo wa mtoto. Yeye hajui siku aliyozaliwa. Kwenye kitambulisho chake waliandika «kuelekea 1948», na hakuna siku alilia kwa ajili ya hilo. Kwake, kukata gato juu ya mwaka ni desturi ya wageni, na shevalie ni mgeni juu ya mgeni. «Hapa Katanga nani aliona farasi?» aliuliza. Nilimkumbusha kwamba zamani za Zaire, katika Nishani ya Chui iliyoanzishwa mwaka 1966, daraja moja liliitwa shevalie, na watu wetu waliivaa kifuani bila farasi na bila aibu. Alijibu kwamba ndiyo sababu nchi ilifika hapa ilipofika. Tulicheka, lakini hoja yake ilibaki.

Wa pili alikuwa bibi yangu, na hoja yake ilikuwa ya mfuko. Mshahara wa mwalimu tunaujua wote. Yeye hakupinga shevalie; alipinga ile desturi mpya ya kushindana, yenye mzazi anakodi viti, muziki na nguo, kisha mwezi wote nyumba inakula mboga bila mafuta. Tulipatana upesi: karto za sabuni kutoka kwa muuzaji wa duka, uji wa unga wa muhogo kuwa gundi, makala kuwa kalamu. Vitumbula, kalanga, munkoyo wa mama yangu, na gato moja ndogo. Watoto tisa pamoja na wetu, saa mbili tu, Siku ya Mungu mchana.

Wa tatu alikuwa shemeji yangu, kaka ya bibi yangu. Huyu hakucheka. Mimi na yeye tuko karibu umri mmoja. Katika vita ya 1996-1997, mimi nilibaki kwenye benchi la shule; yeye alienda. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Watoto wa namna yake watu waliwaita kadogo, na jina lile tamu lilifunika jambo chungu. Tulipomwambia habari ya sikukuu alinyamaza muda, kisha akasema: «Shemeji, vita haina muchezo. Miye nilishikaka bunduki paka mutoto, njo najua. Mwanzo batu balitupigia makofi. Balisema tunapendeza.»

Neno hilo, «tunapendeza», lilininyima usingizi. Maana ndilo lile lile sisi tungesema mbele ya watoto wetu wenye panga za karto.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilirudia historia ili nijue huyu shevalie ni nani kweli. Jina lake kwa Kifaransa linatoka katika jina la farasi. Mwenye kuweza kuwa na farasi na vyuma ndiye alikuwa shevalie; maskini alienda kwa miguu. Na katika karne ya 10 na ya 11, wengi wao hawakuwa watu wa kusifiwa. Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, huko Ufaransa, wakatoa laana juu ya mtu mwenye kunyang'anya vitu vya kanisa, mwenye kuiba mifugo ya wakulima na maskini, na mwenye kumpiga padri asiye na silaha. Watu hawatoi amri ya namna hiyo mahali pasipo na wezi. Na hata baada ya viapo vingi, wapiganaji wa msalaba walipoingia Yerusalemu mwaka 1099 waliua Waislamu na Wayahudi bila huruma. Basi shevalie wa filamu, mwenye moyo safi, ni mtu ambaye Ulaya ilitamani kuwa naye kuliko mtu iliyekuwa naye.

Lakini niliona jambo lingine ambalo filamu inaliacha. Mtoto wa kuwa shevalie, akifika miaka saba hivi, alitumwa kwa kawaida kukaa katika nyumba ya bwana mwingine. Huko alitumika mezani, alibeba vitu, alijifunza adabu. Akifika kumi na minne hivi, alimfuata shevalie mmoja, akiangalia farasi na kusugua vyuma vya mwingine. Ndiyo, alijifunza kupigana, na mara nyingine alimfuata bwana wake hata vitani. Lakini kufungwa upanga kiunoni na kuitwa shevalie, mara nyingi kulingoja miaka ishirini au ishirini na moja. Miaka karibu kumi na minne ya kutumikia wengine ilipita mbele ya jina lile. Hakuna mtoto wa miaka sita katika habari hii mwenye upanga wake. Yuko jikoni, anabeba sahani.

Niliposimulia hayo, mama yangu aliacha kuchambua kalanga. «Basi hata beye balijua», akasema. Na akaanza kutukumbusha hadithi ya Baluba, yenye wengi wetu tulisikia kwa wazee. Nkongolo alikuwa mfalme mwenye nguvu, lakini hakuwa na adabu: alikula mbele ya kila mtu, alicheka kinywa wazi. Kisha akaja mwindaji Mbidi Kiluwe kutoka mashariki, mtu wa haya, asiyekula mbele ya macho ya watu. Ndiye alileta heshima ya ufalme. Mtoto wake Kalala Ilunga alikuwa mpiganaji mkubwa, na Nkongolo alitaka kumuua kwa hila, akamchimbia shimo na kumwita acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma ndiye alimwonya kwa mlio wa ngoma, na Kalala akapona. Mama alimaliza hivi: «Mwenye nguvu njo anapashwa kujua kutumikia bengine. Kama hajui, ni Nkongolo tu.»

Hapo hoja ya kwanza, kwamba shevalie ni mgeni, ilipungua uzito. Swali la shevalie ni swali ambalo wazee wetu pia walijiuliza: nguvu iwekwe chini ya nini? Huko walijibu kwa kiapo, hapa walijibu kwa haya na adabu. Mgeni anayekuja na swali lako mwenyewe unaweza kumpa kiti.

Lakini hoja ya shemeji ilikuwa bado imesimama. Nilijaribu kutenganisha mchezo na kile kilichompata yeye, na niliona tofauti tatu.

Kwanza, mchezo una mwisho. Mama akiita «kujeni kula», vita vya mchezo vinakwisha na waliokufa wanaamka. Kadogo hakuitwa na mtu.

Pili, katika malezi mema ahadi na utumishi vinatangulia, silaha inakuja nyuma, na mara nyingi haifai ije kabisa. Kwa kadogo ilikuwa kinyume: bunduki ilikuja mbele, mbele ya ndevu, mbele ya akili ya kujua mema na mabaya.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: nguvu ya mkubwa ni kwa kumfunika mdogo. Katika vita yetu mdogo alisukumwa mbele akawa ngao ya mkubwa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika makundi yenye silaha. Mwaka 2012, huko La Haye, Thomas Lubanga alihukumiwa miaka 14 ya kifungo kwa kosa la namna hiyo, lililotendeka Ituri mwaka 2002 na 2003. Hata hivyo, mashariki ya nchi watoto wameendelea kuchukuliwa. Kwa hiyo hatusemi habari za zamani.

Nilimpelekea shemeji hizi hoja tatu. Alisikiliza vizuri, kisha akasema neno moja: «Bapatie ngao. Lupanga hapana.» Hata mimi, mwenye diploma, sikuwa nimefikia hapo. Ngao peke yake haiwezi kumpiga mtu vizuri, lakini inaweza kumfunika mwingine. Tulikubali, na tulimwomba yeye mwenyewe akate zile ngao.

Basi siku ilifika. Tulisimamisha mnara wa karto nne katikati ya lupango. Kila mtoto alichora kwa makala juu ya ngao yake kitu anachotaka kukilinda: wetu alichora mbwa, msichana mmoja alichora mdogo wake wa mgongoni, mwingine alichora ndizi, na hatukumkataza. Mchezo wa kwanza: kubeba kikombe cha maji kutoka bombani hadi kwenye kiti cha nkambo, bila kumwaga. Mchezo wa pili: kumvusha mtoto mdogo «mto» tuliouchora chini, huku sisi wakubwa tukirusha mipira ya karatasi, na shevalie anamkinga kwa ngao. Mwishoni kila mmoja alipiga goti, akaahidi mambo matatu: sitampiga mdogo, nitasema kweli, nitagawa. Kwa kukosa upanga, nkambo aliwagusa bega kwa mwiko wa bukari. Nadhani hakuna upanga ungefaa kuliko ule mwiko.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimeahidi kusema yote. Wakati watoto walipokuwa wanapiga goti, mtoto wa muuza makala wa barabara yetu aliingia kwa mlango uliokuwa wazi. Hatukuwa tumemwita. Alisimama akiangalia. Kisha akaokota fimbo kwenye ua, akaiweka begani sawa vile bunduki, akawaelekezea wenzake: ta-ta-ta-ta. Watoto wakanyamaza. Mimi nilitaka kumkemea. Shemeji alikuwa amekwisha kusimama, na uso wake ulibadilika. Niliogopa kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yake pia. Alimfikia, akachuchumaa, akamuuliza polepole: «Juu ya nini unatupiga?» Mtoto akajibu: «Beye bote beko na ngao. Miye sina.»

Shemeji alinigeukia. «Shemeji, umesikia?» Kisha akaenda kwenye mnara, akavuta karto ya chini, mnara wote ukaanguka, akachukua kisu na kuanza kukata ngao ya kumi. Kijana wangu, shevalie wa dakika tano, alilia kwa sauti juu ya mnara wake. Alikuwa ametoka tu kuahidi kwamba atagawa. Hakuna aliyemlaumu, hata mimi, baba yake, nilikuwa nimehesabu karto tisa na kufunga hesabu. Jioni, wakati wa kuosha vikombe, shemeji aliniambia kwamba yeye pia aliondoka nyumbani akiwa mtoto asiye na kitu mkononi, na wa kwanza kumpa kitu alimpa bunduki.

Basi swali tuliloanza nalo, ninalijibuje? Nasema: ndiyo, watoto wanaweza kucheza shevalie, ikiwa ahadi inatangulia, ikiwa mchezo una mwisho, na ikiwa mkubwa anatumikia mdogo. Lakini naongeza jambo ambalo sikulijua mbele ya ile siku. Sisi wazazi tunaangalia sana kilicho mkononi mwa mtoto, kama ni upanga au fimbo. Tunasahau kuangalia mlangoni, kuona nani amesimama na mikono mitupu. Yule ndiye vita inamtafuta.

Mwaka huu kijana wetu anataka sikukuu ya wavuvi. Sina neno. Bibi yangu amekwisha kuomba karto dukani, na nimemwambia aombe moja zaidi ya hesabu.