Amri ya Saba na Pikipiki ya Jirani

Katika nchi yetu ya leo kuna mali moja ambayo ikiibwa usiku, asubuhi nyumba nzima hukosa chakula. Mali hiyo ni pikipiki. Twaongea na jamaa zote za Kikatoliki, lakini leo mawazo yetu yateremka hasa hadi Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta ule mkubwa wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga u juu, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Ziwa li chini, kwenye mita 800 hivi. Kati ya pande hizo mbili pana mteremko ambao kila gunia la mpunga na kila tenga la samaki lapaswa kuupanda. Mjamzito anayekimbizwa kwa mganga mkuu, mwalimu anayefuata mshahara, katekista anayezunguka vigango vyake: wengi wao huchukuliwa na kijana mmoja juu ya magurudumu mawili.

Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, walipokuwako watu wa baisikeli waliowavusha wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka. Hapa Tanzania Serikali ilitoa kanuni za leseni kwa kazi hiyo mwaka 2010. Tangu hapo vijana wengi wamepata kazi ya halali ambayo haihitaji shamba kubwa wala cheti cha chuo. Basi, anayeiba pikipiki haibi chuma tu. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwakataza Waisraeli wasichukue jiwe la kusagia la maskini liwe rehani, kwa sababu kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wake. Pikipiki ndilo jiwe la kusagia la siku zetu.

Mbinu za wezi zajulikana. Wako wanaovunja loki ya usukani na kuunganisha nyaya za swichi, kisha wakaondoka kabla mwenye mali hajamaliza Misa au kunywa chai. Wako wanaojifanya wanunuzi, wakaomba kuijaribu barabarani, wasirudi tena. Walio wabaya kupita wote ni wale wanaomkodi dereva usiku, wakampeleka mahali pasipo nyumba, wakampiga au kumuua. Hao si wezi tu, bali ni wauaji. Na sheria ya nchi imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mnyang'anyi mwenye silaha.

Je, mwenye pikipiki afanye nini? Wapo wanaodhani kwamba kumtumaini Mungu ni kuiacha milango wazi. Sivyo. Mzaburi afundisha kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi akesha bure; lakini hakusema mlinzi akalale. Busara ni mojawapo ya fadhila nne kuu, nayo haikai vichwani mwa wanafalsafa tu. Yaonekana hata katika kufuli. Mwenye busara hupitisha mnyororo imara katika gurudumu na kuufunga kwenye nguzo au mti, maana loki ya usukani peke yake huvunjwa upesi. Huweka swichi ya siri inayokata umeme usifike kwenye plagi, hata mwizi akiunganisha nyaya injini isiwake. Usiku huiingiza ndani ya nyumba. Mwenye uwezo hufunga kile kifaa cha kufuatilia ambacho madereva hukiita jipiesi. Naye akumbuke kwamba kifaa hicho hutuma habari zake kwa mtandao wa simu, basi kikifika mahali pasipo mtandao hunyamaza.

Tena wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya injini na namba ya chesisi ziandikwe mahali pengine mbali na kadi, na kadi yenyewe isiachwe chini ya kiti cha pikipiki. Anayenunua ahakikishe kadi imehamishwa kwa jina lake, kwa maana mtu asiye na karatasi hana la kuonyesha polisi. Na wote wajue kwamba bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria, huwalipa wengine waliodhurika barabarani. Haimlipi mtu aliyeibiwa. Anayetaka kulindwa na wizi akate bima kubwa.

Lakini ziko kinga tatu za uongo ambazo hatuna budi kuzikataa.

Ya kwanza ni hirizi. Mtu aliyebatizwa hufunga kijifuko chini ya usukani, au hulipa fedha nyingi kwa mpiga ramli ili amtaje mwizi. Wenyeji wa Ufipa husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Jina la mji lenyewe lawahubiria! Hirizi haijapata kuzuia waya usikatwe. Mpiga ramli hana ushahidi, ana jina tu. Na mara nyingi jina hilo ni la jirani ambaye tayari anachukiwa. Hivyo yule aliyepotewa na pikipiki moja hupoteza na amani ya kijiji, na Amri ya Kwanza juu yake.

Ya pili ni moto na mawe. Magazeti yamezoea kuandika habari za wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni cheo kinachomwondolea mtu dhambi. Twaielewa hasira ya aliyeibiwa. Lakini katika Kitabu cha Kutoka, hata Sheria ya Kale ilitofautisha: mwizi aliyepigwa akafa usiku huku akivunja nyumba, damu yake haikudaiwa, bali jua likiisha kuchomoza, aliyemuua alikuwa na hatia. Kwa nini jua? Kwa sababu mchana watu huona, hatari imepungua, na njia nyingine zipo. Nasi leo tuna jua gani kubwa kuliko polisi, mahakama, na Katiba ya mwaka 1977 inayokataza katika ibara ya 13 mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa? Mara ngapi aliyechomwa alikuwa mnunuzi asiyejua, au mpita njia aliyeitiwa mwizi na adui yake? Maiti haiwezi kujitetea, wala haiwezi kumtaja mwenzake aliyeipokea pikipiki.

Wazee wanakumbuka sungusungu, lililoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe. Lilisaidia kurudisha mifugo mingi. Lakini mahali pengine lilipiga na kuua, hata vikongwe waliosingiziwa uchawi. Ulinzi wa kijiji ni jambo jema, maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walinzi na wakeshe, wamkamate mshukiwa, wamfikishe kwa mtendaji na kwa polisi akiwa mzima. Hapo ndipo kazi yao inapokomea.

Kinga ya tatu ya uongo ni kumtwika dereva hasara yote. Pikipiki nyingi si za wale wanaoziendesha. Tajiri hutoa chombo, kijana huleta hesabu kila siku au kila juma, na kwa mkataba mwingine chombo huwa chake akiisha kulipa muda uliowekwa. Ikiibwa, wapo wanaomwambia kijana: Lipa yote, hata kama alirudi na jeraha kichwani. Je, hii ni haki? Kitabu kile kile cha Kutoka chatupa kipimo. Aliyekabidhiwa mnyama akaibiwa, alilipa. Lakini mnyama akiraruliwa na mnyama wa mwitu, naye akaleta ushahidi, hakulipa. Basi dereva aliyeacha funguo kwenye pikipiki akaenda kucheza bao, anao wajibu wa kulipa. Dereva aliyevamiwa na watu wenye mapanga amekutana na simba. Kumdai ni kumrarua mara ya pili. Mambo haya yaandikwe katika mkataba tangu mwanzo, mbele ya mashahidi.

Tena tajiri ajihadhari na jambo hili: kijana anayejua kwamba atalipa pikipiki kwa maisha yake yote, ataipigania kwa maisha yake yote. Atafuata abiria asiyemjua saa saba za usiku ili atimize hesabu, na akiona panga hataachia usukani. Kila mwenye chombo na amwambie dereva wake waziwazi: Wakikuvamia, waachie, urudi nyumbani. Chuma hununuliwa tena. Mtoto wa mtu haununuliwi. Asiyeweza kutamka maneno hayo asimpe kijana chombo chake.

Nanyi madereva, msaidiane. Kijiwe chenye daftari la majina, ambacho mwenzao akiondoka usiku huacha jina la abiria na mahali aendapo, humkatisha tamaa mnyang'anyi kuliko hirizi mia.

Sasa twageukia wale ambao hujiona wako mbali na dhambi hii. Mwizi haibi pikipiki ili aitazame. Huifikisha kwa mtu, naye mtu huyo huivunja na kuuza injini hapa, taa kule, na tangi mahali pengine. Anayenunua kwa nusu ya bei, bila kadi na bila risiti, huku moyo ukimnong'oneza kwamba pana jambo, huyo ndiye mwajiri wa mwizi. Sheria ya nchi humwadhibu apokeaye mali ya wizi akijua ni ya wizi. Na Kanisa lafundisha kwamba walioshiriki wizi kwa namna yoyote, au kufaidika nao wakijua, hupaswa kurudisha kwa kadiri ya sehemu yao. Kukiri dhambi na kuendelea kuendesha pikipiki ya jirani si toba. Zakayo hakumwambia Bwana Wetu kwamba anasikitika tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Anayeogopa kujulikana na amwendee padre, watafuta pamoja njia ya kumrudishia mwenyewe.

Enyi wazazi, mwana akileta nyumbani chombo ambacho kazi yake haiwezi kukinunua, muulizeni siku ile ile. Baba anayenyamaza kwa sababu naye hupandishwa mpaka sokoni, anamfungulia mwanawe mlango wa gereza, au wa kaburi, maana siku za mwizi ni arobaini. Mtakatifu Paulo aliwaagiza Waefeso kwamba aliyekuwa akiiba asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Tazameni jinsi Mtume asivyotosheka na mwizi kuacha kuiba. Ataka awe mtoaji. Parokia na jamaa zimsaidie kijana aliyetoka kifungoni apate jembe au chombo cha kazi, kwani asiyepokelewa na wema hupokelewa na wezi wenzake.

Fungeni basi pikipiki zenu kwa mnyororo imara, na mikataba yenu kwa haki, na mikono yenu isishike jiwe. Bwana awalinde wote wanaopanda na kushuka mteremko ule, mchana na usiku.