Bei ya Bunduki na Thamani ya Roho

Jicho la mwanadamu ni hakimu mwepesi. Huketi barazani kabla ya mashahidi kufika, na aghalabu hukata shauri kabla ya kesi kusomwa. Wahenga waliijua tabia hii, wakaiachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Nyingine yaonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Ya kwanza humpa mtu ruhusa ya kuamini anachokiona mwanzo. Ya pili humnyang'anya ruhusa hiyo. Katika mambo mengi ya maisha hitilafu hii haina madhara makubwa. Aliyechagua kikombe kwa rangi yake, kisha akakuta kinavuja, hupoteza chai na senti chache. Lakini viko vyombo ambavyo kosa la kuvihukumu hulipwa kwa damu, na damu hiyo si ya mnunuzi. Bunduki ya kuwindia ni kimojawapo.

Tangu mwanzo wa karne hii ya 21 viwanda vya Marekani vimeshindana kutengeneza bunduki za komeo zenye bei nafuu kwa ajili ya wawindaji wa kulungu. Mfano unaojulikana sana ni ile iliyotolewa na kiwanda cha Ruger mwishoni mwa mwaka 2011, ikapewa jina la Ruger American. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 449, wakati ambapo bunduki nyingi za namna hiyo zenye kitako cha mti wa jozi ziliuzwa kwa maradufu au zaidi. Mwendo wake ni ule ule uliokamilishwa na Paul Mauser wa Ujerumani katika bunduki ya mwaka 1898. Mkono huinua mpini wa komeo na kulivuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Kisha hulisukuma mbele, komeo likachukua risasi mpya kutoka katika kisanduku chake na kuiingiza ndani ya kasiba. Mpini ukishushwa, meno ya chuma hushikamana mfano wa mlango uliokomewa usiku. Hapo hapana jambo jipya. Jambo jipya ni bei, na pamoja na bei, sura.

Mtu aliyezoea bunduki za zamani akiishika hii kwa mara ya kwanza hukunja uso. Kitako chake ni cha plastiki iliyomiminwa katika kalibu, na kikigongwa kwa kidole hutoa mlio wa kitu kitupu. Sehemu yake ya mbele hupinda kidogo ikibanwa kwa nguvu. Kisanduku cha risasi nacho ni cha plastiki. Chuma hakikung'arishwa kikawa kama kioo, bali kimeachwa na weusi uliofifia. Hapana nakshi, hapana mti wenye mishipa ya kupendeza, hapana alama ya mkono wa fundi. Hukumu hutoka papo hapo: hiki ni kitu cha kuchezea.

Lakini yako mambo ambayo jicho halikuyasoma. Kasiba ya bunduki hiyo imefuliwa kwa nyundo za mashine, na mifuo yake ya ndani ni ya kweli. Komeo lake lina meno matatu badala ya mawili, hivyo mpini huinuliwa nyuzi 70 tu ambapo bunduki ya Mauser hudai 90. Ndani ya ile plastiki iliyodharauliwa vimepachikwa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V, navyo hukumbatia mwili wa bunduki ili kasiba isiguswe na kitako. Kifyatulio chake chaweza kurekebishwa na mwenyewe kati ya uzito wa pauni 3 na 5. Fedha zilizonyimwa sura zilipewa shabaha. Aliyehukumu kwa sura alihukumu kitu ambacho mtengenezaji hakukusudia kukiuza.

Haifai, hata hivyo, kusema kuwa jicho hukosea daima. Mwaka 1964 kiwanda cha Winchester cha New Haven kiliibadili bunduki yake mashuhuri, Model 70, iliyokuwa ikiheshimiwa tangu miaka ya 1930. Gharama ya mafundi na ya kuchonga chuma ilikuwa imepanda, na kiwanda kilitafuta njia fupi. Nakshi za kitako, zilizokuwa zikikatwa, sasa zikagandamizwa kwa moto. Ule ukucha mrefu wa chuma, uliokuwa ukiishika risasi tangu itokapo kisandukuni mpaka iingiapo kasibani, ukaondolewa. Wawindaji walitazama mara moja wakanung'unika, na tangu hapo zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zikatafutwa kwa bei ya juu. Katika miaka ya 1990 kiwanda kiliurudisha ule ukucha. Jicho, basi, lilikuwa limeona kitu cha kweli: palikuwa na jambo lililopunguzwa, nalo halikuwa pambo peke yake.

Lakini miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1958, kiwanda cha Savage kilikuwa kimetoa bunduki iitwayo Model 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer kwa nia ile ile ya kupunguza gharama. Kasiba yake ilifungwa kwa nati kubwa ya chuma iliyoonekana wazi mbele ya mwili wa bunduki, kama pete nene katika kidole chembamba. Wapenda uzuri waliicheka. Lakini nati hiyo ilimwezesha mfanyakazi kuweka kwa wepesi, na kwa usahihi mkubwa, nafasi ambayo risasi hukaa kati ya kasiba na komeo. Bunduki hizo zikajipatia sifa ya kulenga vizuri kupita bei yake. Nati iliyochekwa ndiyo iliyosaidia kuleta sifa. Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja, yaonyesha kuwa neno "rahisi" halitoshi kuwa hukumu. Lazima iulizwe: ni kitu gani kilichopunguzwa?

Urahisi una namna tatu. Upo urahisi wa kuacha pambo, kama kuacha nakshi na mng'aro. Huu hauna dhambi. Ni kama mtu avaaye kanzu safi isiyotariziwa. Upo urahisi wa kupunguza kazi ya mkono kwa njia ya mashine au maarifa, kama ile nati ya Brewer. Huu nao hauna dhambi kwa mnunuzi, ingawa una deni kwa fundi, na deni hilo litasemwa. Kisha upo urahisi wa kupunguza amana yenyewe: chuma kibovu, komeo lisilofunga sawasawa, kizuizi cha usalama kisichozuia. Risasi ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, yaweza kusukuma ndani ya kasiba kwa nguvu ya pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na uso wa mpigaji u karibu kiasi cha shubiri. Anayepunguza hapo hauzi kwa bei rahisi. Anaiba na kumpa aliyeibiwa stakabadhi. Namna hizi tatu zaweza kuvaa sura moja mbele ya jicho la siku ya kwanza. Kwa hiyo jicho laweza kushtaki, lakini halina haki ya kuhukumu.

Basi nani ahukumu? Wako wasemao mpigaji, kwa kuwa ndiye aliyelipa. Wako wasemao fundi, kwa kuwa ndiye ajuaye. Lakini katika shauri hili yuko mtu wa tatu asiyeitwa barazani, naye ni mnyama. Kwake yeye kitako cha jozi na kitako cha plastiki ni mamoja. Anachodai ni kimoja: kama roho yake itatwaliwa, itwaliwe upesi. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe ana moyo na mapafu yaliyokusanyika mahali penye upana wa karibu sentimita 20. Risasi ikiingia hapo, mnyama hufa kwa muda mfupi. Ikiingia tumboni au ikivunja mguu, hukimbia na kufa pole pole porini, na nyama yake haimfai aliyeipiga. Bunduki iwezayo kukusanya risasi zake tano ndani ya duara ya sentimita 4 kwa mbali wa mita 100 itazikusanya ndani ya sentimita 8 kwa mita 200; hata hapo haijafikia nusu ya upana ule. Bunduki nyingi za bei nafuu za leo zaweza kazi hiyo. Kwa kipimo cha mnyama, basi, bunduki rahisi imekwisha kushinda kesi yake, na mshtakiwa aliyebaki ni mwenye kuishika.

Hili ni jambo zito kuliko lionekanavyo. Zamani mwindaji aliyejeruhi mnyama aliweza kuisingizia bunduki, naye aliaminiwa. Asiyejua kucheza hulaumu ngoma. Lakini chombo cha dola mia chache kikiwa sahihi kupita mkono, udhuru huo hufa. Mkono uliotetemeka, pumzi isiyotulizwa, kifyatulio kilichovutwa kwa pupa, mita 400 zilizojaribiwa na mtu asiyewahi kupiga mita 200: hayo yote hubaki uchi. Fadhila kubwa ya bunduki rahisi iliyo njema ni kwamba humwondolea mmiliki wake mahali pa kujificha.

Walakini pana hoja mbili za kupinga ambazo haifai kuzipita kimya. Ya kwanza ni ya fundi. Mkono uliojifunza kuchonga kitako kwa miaka mingi hukosa kazi mashine inapomimina plastiki. Dunia hupoteza ujuzi, na ujuzi uliopotea haurudi kwa agizo la waziri. Hasara hii ni ya kweli. Lakini haipasi kulipwa na mkulima wa Pennsylvania au kibarua wa Michigan ambaye anatafuta nyama ya majira ya baridi. Mwenye mali akinunua kazi ya fundi hufanya vema, na fundi hustahili ujira wake. Lakini ufundi hauwezi kuwa kodi itozwayo maskini ili matajiri wapate vitu vizuri vya kutazama.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Husemwa kuwa kilichopatikana kwa bei ndogo huheshimiwa kidogo. Kwamba mtu aliyeweka akiba miaka mitatu anunue bunduki huitunza, huijua, na hufikiri kabla ya kuifyatua, hali aliyeinunua kwa mshahara wa wiki huitupa nyuma ya gari na kuikumbuka mwezi wa Novemba. Katika hoja hii mna chembe ya ukweli. Lakini yafikiriwe matokeo yake. Kama bei ndiyo mlinzi wa mlango, mlinzi huyo hutazama mfuko, hatazami mkono wala moyo. Uingereza ilijaribu njia hiyo. Sheria ya mwaka 1671 ilimruhusu kuwinda yule mwenye ardhi yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, pamoja na watu wachache wa daraja, na haikuondolewa mpaka mwaka 1831. Muda wote huo tajiri asiyejua kulenga alikuwa mwindaji, na maskini ajuaye alikuwa mwizi. Afrika ya Mashariki nayo iliijua hali hiyo. Katika siku za ukoloni mgeni mwenye leseni na bunduki ya thamani aliitwa mwanamichezo, na mwenyeji aliyewinda kwa upinde wa baba zake aliitwa jangili. Bei haikuwafundisha hao wa kwanza huruma. Ulinzi wa silaha ni kazi ya sheria na malezi. Ukiachiwa bei, humwadhibu asiyekosa na kumwachilia mwenye kosa.

Na hata huyo mnunuzi wa chombo rahisi hafiki porini bure. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki ndefu zinazouzwa Marekani, pamoja na risasi, hutozwa ushuru wa asilimia 11, na fedha hizo hupelekwa katika majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyama na makazi yao. Mwenye bunduki ya dola 449 ana sehemu yake katika msitu, ndogo kwa hesabu lakini halali kwa haki.

Limebaki neno juu ya fedha zilizookolewa. Aliyelipa nusu ya bei amepewa nusu ya pili kama amana, na matumizi yake ndiyo yatakayoonyesha tabia yake. Akiitumia kununua darubini iliyo imara na risasi za kujifunzia, akapiga shabaha si mara tatu bali mara nyingi, kwa kuwa risasi tatu zilizokaribiana zaweza kuwa bahati kama zinavyoweza kuwa ushahidi, huyo amenunua bunduki bora kuliko ya jirani yake yenye kitako cha jozi iliyolala kabatini. Akiona kuwa bei ndogo imempunguzia na wajibu, amenunua aibu kwa bei nafuu.

Mwanadamu akikosea juu ya bunduki siku ya kwanza, ana siku ya pili ya kujisahihisha. Aliyeidharau plastiki aweza kuja kuisifu, na aliyeusifu mti aweza kuja kujuta. Mnyama hana siku ya pili. Atakutana na bunduki hiyo mara moja, katika ukungu wa alfajiri, naye hataiona sura yake wala hataijua bei yake. Atakachokijua ni kama aliyeishika alikuwa amejitayarisha au hakujitayarisha. Kwa hiyo heri mwindaji asimalize maneno yake yote ya sifa na lawama dukani, bali abakize swali moja la kujiuliza mwenyewe kabla ya kidole kugusa kifyatulio. Bei ya chombo hulipwa mara moja na kusahauliwa; deni la roho iliyotwaliwa hulipwa kwa uangalifu, kila mara upya.