Ua Dogo la Mbugani

Wakatekumeni wapenzi, jembe mnalijua. Basi sikilizeni habari ya nchi iliyoshindwa na jembe.

Katikati ya Marekani ya Kaskazini palikuwa na mbuga ya majani marefu, ukubwa wake yapata hektari milioni 69. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Illinois, John Deere, alitengeneza jembe la kukokotwa lenye ubapa wa chuma cha pua, na udongo ule mzito ukapasuka. Leo imebaki chini ya sehemu 4 katika 100, nyingi yake katika vilima vya Flint Hills, huko Kansas. Sisemi kulima ni dhambi. Sote twala kwa jembe. Lakini wengi walilima wasijue walichokuwa wakikizika.

Wako watu waendao katika masalio ya mbuga hiyo kuyapiga picha maua yake kwa karibu sana. Kazi hiyo mara nyingi hutaka mtu alale kifudifudi katika umande, alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana lenzi ikikaribia ua, hata upepo mdogo huharibu picha. Tena kadiri lenzi inavyokaribia, ndivyo sehemu ionekanayo wazi inavyokuwa nyembamba, pengine milimita chache tu: chavua yaonekana vizuri, na ukingo wa ua umekwisha kuwa ukungu. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kuchagua kitu kimoja, kukingojea, na kuzuia pumzi yake.

Moja la maua hayo huitwa ua la Pasaka, kwa kuwa huchanua karibu na siku za Pasaka, majani mengine yangali yamelala, pengine na theluji ingalipo. Jimbo la South Dakota lililichagua kuwa ua lake mwaka 1903. Ni fupi mno. Ukipita umesimama utasema: kitu cha zambarau, basi. Katika picha utaona limevikwa nywele laini kama hariri, tangu shina hata mgongo wa ua, mfano wa mtoto aliyefunikwa na mamaye usiku wa baridi. Nani amelivika hivyo mahali pasipo mtazamaji? Bwana wetu alituagiza tuyatazame maua ya kondeni, nasi twayapita.

Hata alizeti tunayoijua, asili yake ni Marekani. Ikaribieni: katikati yake mna maua madogo mamia, na kila dogo laweza kuzaa mbegu.

Sasa niungame jambo langu. Kabla sijaziona picha hizo, niliwaamuru watoto wa shule wasafishe kiwanja. Mmoja wa mwaka wa pili akauliza, “Mwalimu, na haya yenye maua?” Nami, bila kuinama, nikajibu, “Ni magugu, lima.” Akalima.

Jumamosi mtakapokuja kufyeka njia ya kanisa, njoni mapema kidogo. Kabla ya kushika mapanga tutapiga magoti kando ya njia, kila mtu mahali pake. Mtoto yule nimemwomba atuonyeshe.